Picha Isiyo na Msiba

Kama umewahi kutafuta filamu ya kupendeza macho, ambayo ndani yake hafi mtu, halii mtoto wala haachwi mke, basi utamwelewa Nadhira. Kama hujawahi, utamwona amerukwa na akili. Juma zima binti wa watu hakupata usingizi wa maana, na haikuwa kwa sababu ya mapenzi peke yake, ingawa mapenzi nayo yalikuwemo, tena tele. Alikuwa anatazama filamu. Alizitazama jikoni huku wali ukishika chini, alizitazama uani akifua, simu ameiegemeza kwenye ndoo. Na kila aliyoipenda ilimsaliti. Ile ya wafuga farasi wa nchi za baridi, yenye theluji na anga la zambarau, farasi mweupe alivunjika mguu wakampiga risasi. Ile ya mpishi wa kisiwani, vyombo vyake vyote vya rangi ya samli, kumbe mpishi ana saratani. Ile ya watoto na vishada, mmoja alikuwa yatima na mwingine alikuwa njiani kuwa.

"Hivi hawa watengeneza picha wana nini?" alimlalamikia Feisal kwenye simu. "Kila penye rangi nzuri wanaweka jeneza!"

"Wanaogopa watu watasinzia," Feisal alijibu, lakini hakucheka. Zamani angecheka. "Nipe siku mbili tatu, Nadhira. Nitapata tu."

"Siku zenyewe ziko wapi? Ami Mwinshehe anawajibu watu wa posa wa Makurunge Ijumaa hii."

Feisal akakata simu, akarudi kutafuta.

Feisal alikuwa na kibanda cha filamu Bagamoyo mjini. Aliuza filamu za nje, akawajazia watu kwenye flashi zao, lakini riziki yake hasa ilikuwa sauti. Yeye ndiye aliyezitafsiri. Mchina akifungua mdomo, anayesikika ni Feisal. Mkorea akitongoza, Feisal ndiye anayetongoza, tena kwa Kiswahili cha pwani kilichokolea, na katikati anatia mzaha wake mpaka watu wanashika mbavu. Nadhira aliipenda sauti ile kabla hajamjua mwenyewe. Siku alipotoka Zinga kwenda mjini akamkuta ni kijana mwembamba, mpole, mwenye aibu ya kumtazama mtu machoni, alishindwa hata kutaja filamu aliyoifuata.

Mambo yao yalikwenda vizuri mpaka Mzee Mwinjuma, baba yake Nadhira, alipofariki ghafla kwenye shamba lake la mananasi kule Kiwangwa. Bi Mwanajuma, mama yake, akaingia edani. Tangu siku ile hakuwa yule mama wa zamani. Mlango ukigongwa kwa nguvu, anashika kifua. Watu wakinong'ona uani, anauliza nani kafa. Daktari alisema presha yake haitaki mshtuko, asishtuliwe kwa lolote. Kilichomtuliza kilikuwa picha, na alizitaka zenye mandhari, milima, mito, mavazi ya watu wa mbali. Feisal akawa anampelekea kupitia kwa Nadhira.

Kisha akapeleka ile ya wafinyanzi. Aliapa haina msiba. Nadhira aliiwasha, akaenda jikoni kutazama maharage, na kabla hajafunika sufuria akasikia kishindo chumbani. Alimkuta mama yake ameanguka juu ya msala, macho yamegeuka. Walimkimbiza hospitali. Alipopata nafuu alisema neno moja tu.

"Yule kijana wako mwongo. Kaniapia hakuna msiba, nami nimeusikia msiba kwa masikio yangu haya."

Hakutaka kueleza zaidi. Nadhira aliirudia filamu ile tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuona maiti, hakuona mgonjwa, aliona udongo na vyungu. Lakini Ami Mwinshehe, mdogo wa marehemu, hakuhitaji ushahidi. Alikuwa hamtaki Feisal tangu awali. "Kazi gani hiyo ya kusemea midomo ya watu?" alizoea kusema. Posa ya kijana wa Makurunge mwenye matrekta ilipoletwa, aliishikilia kwa mikono miwili. Nadhira alilia, akamwangukia mama yake miguuni, ndipo Bi Mwanajuma akakubali jambo moja: kijana aje mwenyewe, alete picha moja, ikiwa kweli haina msiba watazungumza. Ami akaongeza sharti lake.

"Na iwe bubu. Asitie hata neno moja."

*

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Feisal alipiga hodi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama, na kofia ya kushonwa kwa mkono aliyoazima kwa mjomba wake. Nadhira alimwona kutoka dirishani. Alitamani akamnyooshe ukosi. Hakuthubutu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Ami alikuwa amejaa kwenye kochi, kanzu yake ya Ijumaa bado mwilini, simu pajani. "Kaa pale."

Pale palikuwa kiti cha plastiki kando ya mlango. Feisal akakaa ncha ya kiti, kisha akageukia pazia la chumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," sauti ya Bi Mwanajuma ilitoka nyuma ya pazia, ya kawaida kabisa, na ukawaida huo ndio uliomtia Nadhira hofu.

Kwa kuwa alikuwa edani, na wanaume wote wawili pale sebuleni hawakuwa maharimu wake, Bi Mwanajuma alikaa ndani ya chumba chenye giza, pazia limefungwa fundo pembeni, ili aione runinga bila yeye kuonekana. Nadhira alikaa kwenye mkeka karibu na pazia. Chini ya upindo aliweza kuona vidole vya miguu ya mama yake, basi. Aliamua vidole vile ndivyo atakavyovitazama.

Feisal akachomeka flashi. Alipopita mbele ya Nadhira, macho yao yalikutana kitambo kidogo.

Ilikuwa filamu ya kijiji cha watia rangi, huko milimani. Loo, ilipendeza! Vitambaa vilitoka kwenye mapipa vikichuruzika nili, vikatundikwa kwenye kamba juu ya mapaa, na upepo ulipovipuliza ukuta mzima wa mlima uligeuka buluu, kisha manjano ya bizari, kisha nyekundu ya tofaa. Palikuwa na bibi mmoja, mikono imekolea rangi mpaka kwenye viwiko, na mjukuu wake wa kiume akimfuata nyuma na ndoo ndogo. Hawakusema. Ulisikika upepo tu, na maji, na nguo zikipigwa juu ya mawe.

Siku nyingine Nadhira angesahau kula kwa ajili ya picha kama ile. Leo kila rangi ilipobadilika yeye alitazama vidole. Alikuwa analijua jambo ambalo ni yeye na Feisal tu waliolijua. Filamu ile nayo ilikuwa na jeneza lake. Mwishoni kabisa bibi yule alikufa, na kijiji kikamtandikia vitambaa vyeupe njia nzima. Walipokosa nyingine na siku zimewaishia, Nadhira ndiye aliyesema, "Ikate." Feisal alisita. "Si ndiyo uongo wenyewe huo, Nadhira?" "Ukate, au mimi nimeolewa Makurunge." Akakata. Sasa filamu ilikwisha bibi akitundika kitambaa cha mwisho, anatabasamu.

"Mbona hawasemi?" Bi Mwanajuma aliuliza.

"Ndivyo ilivyo, mama. Ni ya kutazama tu."

"Wamenyamazia nini?"

Ami alijikuna kidevu. Kwenye runinga yule mtoto aliweka ndoo chini, akaanza kukimbia juu ya mawe, anateremka, anateremka, na mbele yake mto mpana unang'aa.

Vidole chini ya pazia vilikunjika.

"Huyo mtoto anakwenda wapi?"

"Mama, usiogope..."

"Kwa nini niogope? Kuna nini? Nadhira, huyo mtoto anakwenda wapi?" Pumzi zilikuwa zimeanza kumpaa. "Mbona mmenyamaza wote? Zima! Kuna kitu mnanificha, zima!"

Nadhira aliipapasa rimoti, ikamteleza, ikaingia chini ya kochi. Akajitupa kuifuata, mkono haufiki. Ami alisimama akakaa. Mtoto alikuwa ameshafika ukingoni.

"Analowesha miguu tu, mama."

Alikuwa Feisal. Alisema taratibu, kwa sauti ile ile iliyowahi kuwasemea wafalme na wezi, ila sasa haikuwa na mbwembwe.

"Maji hayapiti magoti. Bibi yake atamwita sasa hivi, naye atageuka. Umemwona? Amegeuka. Sasa atarudi anakimbia, ataikosa ndoo yake, ataitafuta. Iko nyuma ya pipa. Haya, ameipata."

Nyuma ya pazia pumzi zilianza kushuka. Nadhira, angali amelala kifudifudi na mkono chini ya kochi, hakuthubutu kunyanyuka.

"Wewe!" Ami alimgeukia. "Nilikwambia nini mimi? Neno hata moja!"

"Shemeji, mwache," alisema Bi Mwanajuma. "Sauti hii naijua."

"Mimi ndiye ninayetafsiri zile picha, mama."

"Sema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Watu wote mle sebuleni walidhani wamesikia vibaya. Feisal alimtazama Nadhira, naye akatikisa kichwa, hakuelewa chochote. Basi Feisal akatamka maneno yale kwa heshima, polepole, kama msikitini.

"Sivyo. Yaseme kama ulivyoyasema kwenye picha ya wafinyanzi."

Hapo uso wa Feisal ulibadilika. Alivua kofia, akaiweka pajani, mikono ikakosa pa kukaa.

"Mama," alisema, "kilikuwa chungu."

"Chungu gani?"

"Mfinyanzi alitoa chungu tanuruni, kikampasukia mkononi. Mwenyewe hakusema kitu, alikitazama tu. Nikaona pamepooza. Nikatia maneno ya mzaha, kama vile mtu aliyeleta taarifa ya msiba mlangoni. Nikakisomea chungu."

Nadhira akakumbuka. Alikuwa ameipita sehemu ile mara zote bila kuitilia maanani, kwa sababu ni mzaha wa kawaida. Sahani ikivunjika hata majirani husema hivyo hivyo na kucheka.

"Mimi sikuwa natazama," sauti ya Bi Mwanajuma ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nimemaliza kusali, niko kwenye msala. Nikasikia mwanamume yuko sebuleni kwangu anasema neno lile. Na Nadhira nilikuwa simsikii popote. Nikajua wamekuja kunipa habari ya mwanangu."

"Mama!" Nadhira aliruka, akaingiza mikono chini ya pazia, akaishika miguu ile. Ilikuwa ya baridi.

"Neno la Mwenyezi Mungu unalifanyia vichekesho!" Ami aliwaka. "Unaona, shemeji? Huyu ndiye anayetaka kuoa ukoo huu!"

"Nimekosa, mzee," alisema Feisal. "Sina la kujitetea. Mama, niwie radhi. Wallahi sikujua."

Kwenye runinga vitambaa vilikuwa vinapepea, hakuna aliyevitazama.

"Kwa hiyo ile picha haikuwa na maiti."

"Haikuwa nayo, mama."

"Basi hukuniongopea. Nimekusingizia." Akavuta pumzi. "Na hii? Hii nayo haina maiti?"

Hapa ndipo palipokuwa kila kitu cha Nadhira, maisha yake yote ya mbele, kwenye neno moja jepesi ambalo lingesemwa na kwisha. Alilisema haraka, asipate nafasi ya kufikiri.

"Haina, mama."

"Ipo," alisema Feisal.

Walisema kwa pamoja, lakini "ipo" ndiyo iliyosikika.

Nadhira aligeuka akamtazama. Kwa kitambo kidogo alimchukia, alimchukia kweli, mtu huyu aliyeshika ufunguo wa nyumba yao akautupa chooni mbele ya macho yake. Feisal naye alimtazama, na safari hii hakuinamisha uso. Macho yake yalikuwa mekundu. Yalimwomba amsamehe, na yalimwambia hata asiposamehe hawezi kusema vingine.

"Yule bibi anafariki mwishoni," alisema. "Nimeikata sehemu ile. Nilitafuta isiyo na msiba, mama, nikakosa, na siku zikaniishia. Mkono wangu ndio uliokata."

"Mimi ndiye niliyemwambia akate," Nadhira alisema. Hakujua ameyatoa wapi maneno hayo. "Yeye hakutaka. Mimi ndiye."

Ami Mwinshehe alisimama, akakung'uta kanzu. Alionekana kama mtu aliyepewa zawadi.

"Basi. Limekwisha hilo. Kijana, nyanyuka uende salama. Na mimi nawapigia watu wa Makurunge."

"Shemeji, kaa."

"Shemeji, umesikia mwenyewe..."

"Kaa, nina la kukuuliza." Ami akakaa. "Siku ile mlipokuja, wewe na wenzako, mkakaa uani mmenyamaza. Nikatoka nikakuuliza mume wangu yuko wapi. Ulinijibuje?"

Ami alitazama zulia.

"Nakuuliza, ndugu yangu."

"Nilisema anaumwa. Wanamleta."

"Na nini tena?"

"Nilitaka kukupunguzia, shemeji. Uzipokee taarifa kidogo kidogo."

"Ulisema nimpikie uji." Sauti yake haikupanda. Nadhira angependa mno ipande. "Nikapika. Nikautia sukari kidogo kwa sababu hapendi utamu mwingi. Nikaufunika usipoe. Mtaa mzima unajua, watoto wanajua, wewe unajua, mimi nimeinama namkorogea maiti uji. Mpaka leo nikiona watu wamenyamaza, moyo wangu unauliza, leo wananipikisha nini?"

Ami alitoa kitambaa akajifuta paji la uso, kisha macho, kisha akabaki amekishika.

"Daktari anasema nisishtuliwe, na nyinyi mnanificha kila kitu. Kifo nakijua, kimeshaingia humu ndani. Kufichwa ndiko kunakoniua. Nadhira, wewe mwanangu wa kumzaa, umenishika miguu ukaniambia haina."

"Nilikuwa naogopa, mama. Nilijua ukisikia ipo, nitampoteza."

"Najua ulichoogopa. Tutalizungumza mimi na wewe, si leo." Vidole vya miguu vilijiinamisha kidogo, vikaigusa mikono ya binti yake. "Wewe kijana. Kile kipande ulichokikata unacho?"

"Ninacho kibandani, mama."

"Utakileta. Nataka kumwona yule bibi wanavyomzika, maana kazi yake nimeipenda. Ila akikaribia kufa uniambie mapema, nikae tayari."

"Nitakwambia, mama."

"Na vyungu usivisomee tena."

"Sivisomei."

Feisal aliinamisha uso haraka, lakini Nadhira alishaona kidevu chake kinavyotetemeka. Ile chuki ya dakika chache zilizopita hakuiona tena ilikokwenda. Alimpenda kwa namna mpya, yenye woga ndani yake, kwa kuwa sasa alijua kwamba mwanamume huyu hatamdanganya hata siku atakayomwomba adanganywe.

"Shemeji," alisema Bi Mwanajuma, "wapigie watu wa Makurunge, wasikae wanangoja."

Ami alimtazama Feisal, akatazama pazia, akaona hapana pa kutokea. Akabonyeza simu, akaisogeza sikioni.

"Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Alhamdulillahi, wazima. Ee. Sasa, kuhusu lile jambo letu..." Alikohoa. "Kwa kweli binti hivi sasa ana udhuru. Afya yake si nzuri sana, tumeona kwanza..."

"Shemeji!"

Ami akafumba macho. Nadhira hakuwahi kumwona mtu mzima akihangaika vile na neno dogo kama lile.

"Samahani, ndugu yangu, nimekosea," alisema hatimaye. "Binti mzima wa afya. Tunawashukuru kwa heshima mliyotupa, lakini binti ameshapata mchumba." Akasikiliza. "Ndiyo. Yupo hapa hapa, amekaa mbele yangu."

Nadhira alivuta ushungi akajifunika uso. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na hakuweza kuyazuia.

"Nadhira," mama yake aliita nyuma ya pazia, wasiwasi umemrudia. "Mbona kimya? Unalia?"

Alitaka kusema ni mafua. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Nalia, mama," alisema.